Mwisho wa Kitabu Uko mu Kikwembe Changu

Watu wa soko la Kasongo wananiuliza mupaka leo: "Mama Karanga, yule Direkteri alikufa akijua mwisho wa kitabu ao hapana?" Wananiuliza wakinunua karanga, wananiuliza nikibeba maji. Siku moja mutu aliniuliza mu matanga ya mutu mwengine kabisa, maiti iko pale imelala, na naapa maiti yenyewe ilifungua jicho moja ili isikie jibu. Basi leo nasema. Lakini nitasema kwa mwendo wangu. Kisasi changu nilikipika miaka mingi, siwezi kukimwaga ndani ya sahani mara moja kama bukari, ugali wa mutu mwenye haraka.

Direkteri, mukubwa wa masomo wa zamani, hakuwa na meno. Naanzia pale, juu ya sababu hii: bila kujua hilo hutaelewa kitu. Hakuwa na jino hata moja. Na kila asubuhi alikuja kununua karanga.

"Direkteri," watu walimuchokoza, "hizo karanga utazitafuna na nini? Na masikio?"

"Na macho," alijibu.

Sokoni kwetu karanga zinafungwa mu karatasi za vitabu. Wachuuzi wanaotoka Salamabila, kule kwa zahabu, wanatuletea vitabu vya zamani ndani ya mifuko, vimechanganyika kama sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na sisi wamama tunavinunua kwa kilo. Kitabu unakiweka chini ya jiwe ili upepo usikibebe. Mununuzi akija unapasua karatasi moja, unaikunja kama pembe ya mbuzi, unatia karanga, unampa. Nani alikiandika, kinasema nini, hiyo si kazi yetu. Karatasi ngumu ni kitabu kizuri, karatasi inayopasuka mukononi ni kitabu kibaya, basi.

Sasa Direkteri akipata pembe yake, karanga alizimwagia kuku wa jirani yangu. Kuku wale walinona mupaka wakatembea kama maavoka, mawakili wakubwa, wanaoingia tribunali. Kisha alikunjua karatasi, akailaza juu ya paja, akaipapasa na kiganja kama mama anayetuliza mutoto, akaishika mbali na uso, akasoma kwa sauti. Sauti ile! Ungesema redio imevaa koti. Watu walikusanyika. Dereva wa pikipiki alizima mutambo. Mafuta ya karanga yalikuwa yamepenya karatasi mupaka maneno ya upande wa nyuma yanaonekana kama watu wanaochungulia dirishani, lakini yeye hakuchanganya hata neno moja.

Ungemuuliza, "Direkteri, siku hizi unasoma nini?" hakukutajia kitabu, alitaja muuzaji. Alikujibu: "Nasoma Mama Samaki." Ao: "Nimemaliza yule wa chumvi, niko nafikiri kuhamia kwa yule wa mandazi." Bibi yake alisikia maneno hayo siku ya kwanza, akafunga mizigo kabisa kurudi kwao Kabambare, watu wakakimbia kumueleza.

Akimaliza kitabu, siku iliyofuata hakununua kitu. Alizunguka soko lote mikono mugongoni, tai shingoni, kama mukaguzi aliyetumwa kutoka Kindu. Aliinua jiwe la huyu, akasoma mistari kidogo, akakunja pua. Aliinua jiwe la yule. Wamama tulianza kumupigia kelele.

"Direkteri, kuja kwangu! Changu iko na harusi!"

"Harusi ya nini! Changu iko na vita, watu wamekufa mupaka ukurasa wa katikati!"

"Mwongo, wewe, unajua kusoma tangu lini?"

"Iko na picha ya bunduki, siyo?"

Yeye hakukimbia. Kuchagua kwake kulichukua asubuhi nzima, jasho linamutoka kama mutu anayechagua bibi. Na sisi tuligombana hivyo juu aliyechaguliwa aliuza kushinda wote. Watu walifuata sauti yake, na mutu anayesikiliza kinywa chake kinataka kazi.

Kitabu kikiisha, Direkteri alisimama, akakohoa, akakipa pointi juu ya kumi, mbele ya watu wote, kama siku ile ya kufunga mwaka ambapo wazazi wanakaa mu uwanja wa masomo na majina yanasomwa, huyu amepita, huyu ameanguka. Kwake mwandishi naye alikuwa mutoto wa klasi. "Huyu, sita juu ya kumi. Anajua kuanza, hajui kunyamaza." Ao: "Huyu alimuua mbwa bila sababu. Mbili. Arudie mwaka." Kitabu cha Mama Samaki wa Nyangwe kilikuwa cha mapenzi, lakini kwa sababu alifungia ndani samaki wa kukausha, Direkteri alisema, "Saba. Ningempa nane, lakini hata pale walipobusiana niliona miiba ya samaki." Mama Samaki alinuna juma zima. Alisema samaki wake hawakumukosea mutu.

Na sasa musikilize kinyume chake. Yule muzee alichukia kupasua kitabu kama mutu anavyochukia nyoka. Mutoto akikunja pembe ya ukurasa, yeye alimukunja sikio. Nyumbani alikuwa na vitabu vyake ndani ya sanduku la chuma, hakumuazima mutu, hata padri alikataliwa. Lakini mimi alikuja kunisimamia nikipasua, akaniambia, "Mama, unaua." Nikamwangalia. Yeye akaongeza: "Basi ua kwa mupango. Anza mbele. Usiruke."

Aliniita mama. Hapo ndipo moyo wangu ulichemka kama mafuta ya mawese.

Juu mimi nilimujua yule mutu kabla hajapoteza meno. Nilikuwa mu klasi ya pili, kwake, yeye bado ni mwalimu tu. Alikuwa anasimama mbele ya ubao na fimbo yake, ananyoosha kidole kwa herufi, sisi tunaimba nyuma yake. Nyumba ile ilikuwa ya majani juu. Siku moja mujusi alianguka kutoka juu ya paa, akaingia moja kwa moja mu shingo ya shati yake, akashuka mugongoni. Ee! Direkteri alicheza mucheze ambao sijauona tena, si mu harusi, si mu kanisa, na harusi za Kasongo nimeziona zote. Aliruka, alijikunja, alipiga ubao kichwa. Watoto wengine waliuma midomo. Mudomo wangu mimi haukuniuliza. Nilicheka mupaka sauti yangu ikasikilika ng'ambo ya Lualaba.

Alipotoa mujusi alisema, "Anayecheka mu klasi yangu atoke inje."

Nikatoka. Kwetu mutoto akitolewa, anasimama kwa ukuta, kisha anaomba mulangoni: "Mwalimu, niingie?" Mwalimu anakuambia "Ingia", imeisha. Mimi niliomba. Akanijibu: "Ngoja." Nikangoja. Kengele ikalia, wenzangu wakaenda, akafunga mulango na ufunguo, akapita mbele yangu kama mimi ni mufito wa ua. Kesho yake nikarudi palepale ukutani. "Mwalimu, niingie?" "Ngoja." Na kesho yake tena. Nilisimama kwa ule ukuta mupaka nikaota mizizi, ndege wakaja kuniangalia kama nafaa kujenga kiota. Mwisho mama yangu alisema, "Mwanangu, kule hawakuiti. Jembe linakuita." Nikaenda mu shamba. Herufi niliziacha pale kwa ubao, zingine nilikuwa nimeshaanza kuzizoea sura.

Kwa hiyo alipokuja kwangu na kichwa cheupe, akainua jiwe langu, akasoma, akasema, "Hiki ndicho", sikumuangalia kama mununuzi. Nilimuangalia vile paka anaangalia samaki aliyejileta mwenyewe jikoni. Nilisema mu roho: Mungu iko, na anakumbuka.

Nilianza na pilipili. Kidogo tu, ya unga, niliipaka juu ya karatasi kabla ya kuikunja. Alipapasa ukurasa na kiganja, akajifuta jicho, akasoma mistari miwili, machozi haya! Ilikuwa habari ya mutu anayenunua mbuzi. Alilia juu ya ile mbuzi mupaka watu nao wakalia, mama mumoja akaanguka chini akiita jina la marehemu bwana yake. Direkteri alipumua, akasema, "Huyu mwandishi ananigusa sana." Akampa tisa. Sikulala kwa hasira. Nilimupiga, naye anasema asante.

Kisha nikamufanyia mubaya zaidi. Nilichukua vitabu viwili, kimoja cha harusi, kimoja cha kufuga kuku, nikavipasua pamoja, karatasi ya huku, karatasi ya huku. Nilijua atachanganyikiwa mupaka awe wazimu. Alisoma: bibi arusi anaingia chumbani, anatetemeka, taa iko chini. Siku ya pili: sasa wapulizie dawa ya chawa na uwaangalie kinyesi. Watu walishituka. Direkteri alifunga macho. Akasema, "Munaona? Mwandishi anatuambia ndoa ni kazi." Wanaume wote walitikisa kichwa. Mupaka leo iko mutu mu mutaa wetu ambaye alimupulizia bibi yake dawa juu ya neno lile, na walipatana kweli.

Nikaona huyu hawezi kupigwa na ubaya wa kitabu. Atakula kila kitu. Lazima apigwe na uzuri wake.

Basi Mungu akaleta kile kitabu. Kilikuwa kinene, jalada hakuna, panya walikuwa wameonja pembe moja. Direkteri alisoma ukurasa wa kwanza kwangu asubuhi, na mupaka jua linakuwa juu ya kichwa alikuwa amenunua pembe nyingi vile kuku wa jirani walikataa kula, walilala chini miguu juu.

Ilikuwa habari ya mama mumoja. Bwana yake anakufa, na shemeji anachoma nyumba yake, anachukua shamba, anamufukuza na kikwembe kimoja tu cha kiunoni. Kisha shemeji anauza shamba, anaenda mbali. Yule mama anaapa atamufuata. Anatembea inchi nzima akiuza muhogo njiani, anauliza, anafika mahali, shemeji ametoka jana. Anafika kwengine, ametoka juzi. Sisi sokoni tulitembea naye. Mama Samaki aliacha samaki zake kwa nzi. Siku moja dereva wa pikipiki alinunua karanga haraka, akaondoka na karatasi ya kitabu kile njia ya Kabambare kabla Direkteri hajafika. Yule muzee alipanda pikipiki nyingine, tai yake inapepea nyuma kama bendera, akamukamata dereva karibu na mto Luama, karanga zimebaki chache kabisa. Alimwambia, "Tema, na unipe ukurasa." Dereva alitema kabisa.

Na soko liligawanyika. Direkteri alisema yule mama atasamehe. "Vitabu vya namna hii vinaisha hivyo. Atafika, shemeji atalia, atasamehe. Nimesoma vingi."

Mimi nilipiga meza. "Asamehe nini? Atamupiga na mwiko! Atamuchoma nyumba naye ndani!"

"Mama, wewe hujui kusoma, utajuaje?"

"Najua kufukuzwa!"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, yeye alikuwa hachekagi. Karatasi za kitabu zilikuwa zinabaki nyembamba chini ya jiwe. Siku ile alisoma mahali ambapo mama amefika. Nyumba ya shemeji iko mbele yake. Moshi unatoka jikoni. Anaweka kapu chini, anagonga, mulango unafunguka. Karatasi ikaisha. Watu walipiga kelele kama wakati wa mupira.

Nikaona sasa ni saa ya kuuliza. Nilimwambia polepole, "Direkteri, zamani ulikuwa na mutoto musichana mu klasi ya pili, ulimutoa inje juu ya kucheka. Hukumuita tena. Unamukumbuka?"

Alikunja karatasi ndani ya koti. "Nilifukuza wengi, mama. Sikumbuki."

Alisema bila ubaya, hiyo ndiyo iliniua. Mimi nilibeba ukuta ule mugongoni maisha yangu yote, naye hakubeba hata vumbi lake.

Chini ya jiwe ilibaki karatasi moja. Niliikunja, nikaitia mu kikwembe, hapa kiunoni, nikafunga fundo.

Kesho yake alifika mapema, amevaa koti ya Krismasi, amenyoa. Watu walikuwa wamejaa.

"Mama, leta mwisho."

"Umeisha, Direkteri. Nimeuza."

Uso wake ulianguka kama ukuta wa udongo mu mvua. "Kwa nani?"

Nikamwangalia vizuri, nikamwambia, "Niliuzia wengi. Sikumbuki."

Ee, utamu ule! Asali ya Kabambare yote ukiitia mu kikombe kimoja haifikii.

Alitafuta. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza nani alikula karanga. Alifukua majalala na fimbo. Alipanda mutumbwi mupaka Nyangwe juu mutu alimuambia iko mama kule amefungia ndimu ndani ya karatasi yenye maneno madogo. Alirudi na karatasi ya kitabu cha hesabu. Na vitabu vingine alikataa. Wamama waliita, "Direkteri, changu iko na mufalme!" Yeye alipita. Alisema hawezi kuanza kingine, yule mama iko bado mulangoni, amesimama, miguu inamuuma.

Na mimi nikwambie, mimi pia nilikuwa naumwa na mwisho ule. Nilikuwa nao kiunoni, siujui. Ningeweza kumupa mutu yeyote anisomee. Nilikataa. Nilisema hakuna mutu atausoma kabla mimi sijajua nitaufanya nini. Usiku niliota nagonga mulango.

Kisha Direkteri hakuja tena sokoni. Walisema macho yake yamefunikwa, yamekuwa meupe kama maziwa ya nazi. Kuku wa jirani walikonda. Mama Samaki, ambaye aliona fundo langu na karatasi ndani yake siku tuliyooga mutoni, akashindwa kufunga mudomo, akaenda kumuambia. Bibi ya Direkteri akaja kuniita.

Nilimukuta amekaa mu kiti cha kamba, sanduku la chuma kando yake. Tai bado iko shingoni, imefungwa upande wa kisogo kidogo.

"Uko nayo?" aliuliza. Hata habari ya asubuhi hapana.

"Iko kiunoni."

"Mpe bibi yangu asome."

"Hapana."

"Basi wajukuu wangu, wako mu klasi ya sita."

"Hapana, Direkteri. Hii karatasi itasomwa na mutu mumoja tu. Mimi."

Alifungua kinywa kile kisicho na jino. "Lakini wewe hujui kusoma!"

"Juu ya nani?" nikamuuliza. "Ulinitoa inje. Niliomba kuingia, ukasema ngoja. Nimengoja. Sasa nifundishe, ao ufe bila kujua. Chagua. Wewe unapenda kuchagua."

Alinitukana. Alinitukana kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, akamalizia na Kizimba. Alisema mimi ni shetani wa kikwembe. Alisema, "Utanifanya nife kabla ya mwisho!"

"Basi fundisha haraka," nikamwambia.

Tulisoma hivi. Yeye haoni, mimi sijui. Nilikunjua karatasi juu ya goti langu, nikaangalia herufi moja, nikashika mukono wake, nikaichora na kidole ndani ya kiganja chake. Yeye alisema jina lake. "Hiyo ni m. Iko na milima." Nikachora inayofuata. "Hiyo ni a. Tumbo na mukia." Kisha aliniambia niunganishe. Nilikuja kila siku nikitoka sokoni. Siku za kwanza tulipata neno moja, nikakunja karatasi, nikaondoka, naye aliniita mupaka njiani: "Mama! Neno lingine tu!" Sikugeuka. Nilitembea polepole ili nisikie vizuri anavyolalamika.

Alikuwa mwalimu mukali bado. Nikikosea alinipiga kidole. Na mimi akikosea kusoma kiganja chake nilimupiga pia. Bibi yake alisema mu ndoa yao yote hajamuona anashikwa mukono muda murefu vile, akaleta kiti chake akakaa katikati yetu.

Mvua zilianza, mvua zikaisha, tuko bado juu ya karatasi moja. Lakini herufi zilianza kunijua. Zingine zilinisalimia kabla sijazichora. Ikafika siku ambayo nilisoma mustari muzima bila kugusa kiganja chake, na mukono wake ulibaki wazi juu ya goti, unangoja.

Siku ya mwisho nilisoma hivi. Shemeji anafungua. Amezeeka. Hamujui yule mama, anamuuliza, "Unatafuta nani?" Mama anamuangalia. Halafu mustari wa mwisho kabisa, nikauweka kidole chini, nikausoma polepole: "Akaingia, akafunga mulango nyuma yake."

"Endelea," alisema Direkteri.

"Imeisha."

"Geuza."

"Nimegeuza. Nyuma iko nyeupe."

Alipiga fimbo chini. "Akafunga mulango! Na sisi tuko inje! Mwizi huyo! Sifuri! Arudie mwaka, arudie maisha yake yote! Sasa alimufanya nini mule ndani? Alisamehe? Alimupiga? Nani atatuambia?"

"Mimi najua," nikasema.

"Wewe utajuaje?"

"Juu mimi niko mule ndani."

Aligeuza yale macho meupe mahali sauti yangu inatoka. "Basi alimufanya nini?"

"Alimungojesha."

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilifikiri kifafa. Kumbe ni kicheko, kilikuwa ndani yake tangu zamani, kimekauka, kikatoka na vumbi. Yule mutu alicheka! Alicheka mupaka tai ikarudi mbele, bibi yake akaacha sufuria jikoni akaja kuona nani ameingia nyumbani mwao.

Nikasimama. Nilivuta kikwembe, nikakaza sauti yangu kama fimbo.

"Anayecheka mu klasi yangu atoke inje."

Kicheko kilikatika. Direkteri alikaa hivi, kinywa wazi. Niliona kitu kinatembea juu ya uso wake, kinashuka polepole, kinaingia shingoni.

"Mujusi," alisema.

Alishika fimbo, akainuka kwa shida, akapapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe, akatoka. Bibi yake alitaka kumushika mukono, nikamuzuia. Alisimama pale barzani kwa ukuta, mugongo wima, jua la saa nane liko usoni. Mimi nikakaa mu kiti chake cha kamba. Ni kiti kizuri.

Kisha nikasikia sauti mulangoni, ile ya redio, lakini ndogo.

"Mwalimu, niingie?"

"Ngoja."

Akangoja. Nilimusikia anacheka tena kidogo, anajizuia, anakohoa. Kuku wa bibi yake walipita kumuangalia.

"Mwalimu?"

"Nini tena?"

"Kisha ya hiki, tunasoma nini?"

"Nimesema ngoja. Mimi ndiye nachagua."

Nikafungua lile sanduku lake la chuma, nikatoa vitabu kimoja kimoja, nikaviweka chini, nikaanza kusoma majina yake, herufi kwa herufi, bila haraka hata kidogo.